Mradi Unaojikagua: Mwongozo kwa Mwalimu wa Programu

Darasa likiwa na wanafunzi arobaini na kila mmoja akaleta programu yake, hakuna mwalimu anayeweza kuzisoma zote mstari kwa mstari na bado akaandaa somo la kesho. Wengi huishia kuiendesha kila programu mara moja, jibu likitoka wanatia tiki. Mwanafunzi naye anajifunza upesi kwamba programu nzuri ni ile inayotoa jibu mbele ya mwalimu, na akishatiwa tiki haifungui tena.

Tatizo hili limetangulia kompyuta za mezani. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute, New York, alieleza katika jarida la Communications of the ACM jinsi chuo chake kilivyoiachia mashine kazi ya kusahihisha programu za wanafunzi, enzi ambazo programu zilitobolewa kwenye kadi. Usahihishaji wa namna hiyo umeenea vyuo vingi tangu hapo, na kasoro yake imeenea nao: mwalimu ndiye anayeandika majaribio, mwanafunzi kazi yake ni kuyabahatisha. Anatuma, anafeli, anabadilisha alama moja, anatuma tena. Mwisho anapita bila kuweza kueleza kwa nini.

Ninachokushauri hapa ni kuugeuza mpangilio huo. Mwanafunzi aandike majaribio mwenyewe, ayatoe kwenye mradi wenye watu halisi wanaojua jibu sahihi ni lipi, kisha mashine imsaidie kuyazidisha. Nimemlenga mwalimu wa kidato cha tatu na kuendelea, au wa mwaka wa kwanza chuoni, anayefundisha kwa Python na ambaye kompyuta zake hazitoshi.

Chagua mradi wenye mwenyewe

William Heard Kilpatrick wa Teachers College, Columbia, alipoandika juu ya mbinu ya mradi mwaka 1918, alisisitiza kwamba kazi ya mwanafunzi iwe na kusudi analolikubali moyoni. Katika somo la programu kuna sharti jingine ninaloliona zito vilevile: mradi uwe na mtu wa kuulizwa. Programu ya kukokotoa wastani wa alama au tovuti ya shule ya kubuni haina mtu huyo. Mwanafunzi akikwama juu ya nini kifanyike, anajiamulia mwenyewe, na chochote atakachoamua kitakuwa sahihi.

Kwa Tanzania mradi ninaoupenda kuliko yote ni daftari la VICOBA. Kwa Kenya chukua chama. Mfumo wa vikundi hivi vya hisa una historia ndefu: CARE ilianza kuusambaza Niger mwaka 1991, ukazunguka Afrika, na kwetu leo ni vigumu kupata mtaa usio na kikundi. Mwanachama ananunua hisa kila kikao, mara nyingi kuanzia moja hadi tano. Fedha zinakopeshwa wanachama kwa riba, wanaochelewa wanatozwa faini, mfuko wa jamii unakaa pembeni kwa ajili ya misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko watu wanagawana kwa kadiri ya hisa zao. Hesabu zake mwanafunzi anaziweza kwa kalamu. Kanuni zake zinajulikana na mweka hazina ambaye huenda ni mama yake mzazi au jirani yake. Na kosa la shilingi mia linaonekana siku hiyo hiyo, mbele ya watu.

Kabla ya kompyuta kuwashwa, mwalike mweka hazina darasani, au wapeleke wanafunzi wachache kwake kwa ruhusa ya kikundi. Majina ya wanachama, namba za simu na kiasi cha fedha cha kila mmoja visitoke kwenye daftari la kikundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Lakini hata kusingekuwa na sheria, fedha ya mtu ni siri yake. Mnachokwenda kuchukua ni kanuni. Wanachama wenu darasani wawe wa kubuni.

Wafundishe wanafunzi namna ya kuuliza. Mweka hazina akisema "riba yetu ni asilimia kumi", aliyezoea kusikiliza ataandika sentensi hiyo na kuridhika. Mwanafunzi wako asiridhike. Aombe mfano: mama, mtu akikopa 300,000 kwa miezi mitatu, atarudisha riba kiasi gani kwa jumla? Kama asilimia kumi inatozwa mara moja tu, riba ni 30,000. Kama inatozwa kila mwezi kwenye deni lililobaki, na mkopaji anarudisha 100,000 kila mwezi, riba ni 30,000, halafu 20,000, halafu 10,000, jumla 60,000. Kama inatozwa kila mwezi kwenye mkopo wote wa mwanzo, ni 90,000. Sentensi moja, majibu matatu, na anayejua lipi ni la kikundi hiki ni mweka hazina peke yake. Hapo mwanafunzi ameshapata jaribio lake la kwanza, na hajaandika hata mstari mmoja wa programu.

Mifano ya mkono kwanza

Kila kundi la wanafunzi liwe na daftari la majaribio, la karatasi. Kila mfano uandikwe na mambo matatu: kinachoingia, kinachotarajiwa kutoka, na aliyesema kwamba ndivyo inavyotakiwa. Safu hiyo ya tatu usikubali iachwe wazi. Ndiyo inayomzuia mwanafunzi kuiendesha programu yake kwanza na kunakili jibu lake kuwa tarajio.

Tuchukue mgao wa mwisho wa mzunguko, maana ndiko kwenye mambo mengi. Wanachama watatu wana hisa 40, 35 na 25, mfuko una 1,250,000. Hisa zote ni 100, kila hisa ina thamani ya 12,500, kwa hiyo wanapata 500,000, 437,500 na 312,500. Inagawanyika sawasawa na kila mwanafunzi ataipata. Sasa wape wanachama watatu wenye hisa moja moja na mfuko wa 100,000. Kikokotoo kitatoa 33,333 na desimali zisizokwisha. Hiyo shilingi moja inayobaki ni ya nani? Na hata hizo 33,333 zitalipwa kwa sarafu ipi, wakati sarafu ndogo iliyozoeleka mikononi ni ya shilingi 50? Mweka hazina atawaambia wanafanyaje. Tuseme kikundi chetu kinashusha kila mgao hadi mia kamili, na kinachobaki kinaingia mfuko wa jamii. Basi kila mmoja anapata 33,300, na baki ni 100.

Hapo ndipo pa kuwatahadharisha juu ya namba za desimali. Mwambie mwanafunzi aandike 0.1 + 0.2 kwenye Python, ataletewa 0.30000000000000004. Aandike round(2.5), atapata 2, kisha round(3.5) apate 4, kwa sababu Python ikikuta nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Wanafunzi hushtuka, na mshtuko huo una faida. Kanuni yetu iwe fupi: fedha ni namba kamili, tunagawanya kwa //, na baki tunaitaja wazi.

Jaribio litangulie

Sasa mnaweza kuwasha kompyuta. Jaribio linaandikwa kabla ya fanksheni:

```
def test_mfuko_unaogawanyika_sawa():
    assert gawa(1250000, [40, 35, 25]) == ([500000, 437500, 312500], 0)

def test_baki_inakwenda_mfuko_wa_jamii():
    assert gawa(100000, [1, 1, 1]) == ([33300, 33300, 33300], 100)
```

Majina yawe marefu na ya Kiswahili. Jaribio likifeli, jina ndilo la kwanza kuonekana kwenye skrini, na jina linalosema "baki inakwenda mfuko wa jamii" linamrudisha mwanafunzi kwenye kanuni moja kwa moja. Jina kama test_2 halimwambii kitu.

Liendesheni jaribio wakati fanksheni bado haipo. Lazima lifeli. Likipita, jaribio ni bovu, na afadhali mjue sasa. Kisha ndipo waandike kitu kama hiki:

```
def gawa(mfuko, hisa, hatua=100):
    jumla = sum(hisa)
    migao = []
    for h in hisa:
        mgao = mfuko * h // jumla
        migao.append(mgao // hatua * hatua)
    return migao, mfuko - sum(migao)
```

Kwa kuendesha majaribio haya pytest inatosha, ila inabidi ipakuliwe mtandaoni. Shule isiyo na intaneti ya uhakika ina njia mbili. Ya kwanza ni unittest, ambayo inakuja na Python yenyewe tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001. Imefuata nyayo za JUnit, kifaa ambacho Kent Beck na Erich Gamma walikiandika pamoja mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Ya pili ni kupakua maktaba mara moja, mahali penye mtandao, kwa amri ya pip download, kuzibeba kwenye flashi, kisha kuzisakinisha kila kompyuta kwa pip install --no-index --find-links ukitaja folda ya flashi. Hakikisha kompyuta uliyopakulia ina toleo lile lile la Python na mfumo endeshi ule ule wa kompyuta za shule, la sivyo utarudi na flashi isiyokufaa.

Kompyuta moja kwa wanafunzi watatu inatosha kabisa kwa kazi hii. Mmoja anachapa, wa pili anashika daftari la majaribio na kusoma kanuni, wa tatu anatafuta mfano utakaoiangusha programu. Wabadilishane kila kipindi. Umeme ukikatika, kazi ya wa pili na wa tatu inaendelea kwenye karatasi, na mara nyingi hapo ndipo mifano mizuri inapopatikana.

Mashine ibuni mifano, watu waweke sheria

Mwanafunzi mwenye bidii ataandika mifano kumi na kuchoka. Atachagua namba anazozipenda, na namba anazozipenda ndizo zisizoleta shida. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, Uswidi, walichapisha QuickCheck, kifaa cha lugha ya Haskell chenye wazo jingine: mwandishi anaeleza sheria ambayo lazima iwe kweli daima, na mashine inabuni mamia ya mifano ikijaribu kuivunja. Kwenye Python wazo hilo linaishi katika maktaba iitwayo Hypothesis, iliyoanzishwa na David MacIver.

Waulize wanafunzi: katika mgao, ni jambo gani lazima liwe kweli hata kama wanachama ni wawili au thelathini, hata mfuko uwe mdogo au mkubwa? Wengi watasema hakuna shilingi inayopotea. Jibu zuri. Litaandikwa hivi:

```
from hypothesis import given, strategies as st

@given(st.integers(0, 50_000_000),
       st.lists(st.integers(0, 260), min_size=1, max_size=30))
def test_hakuna_shilingi_inayopotea(mfuko, hisa):
    migao, baki = gawa(mfuko, hisa)
    assert sum(migao) + baki == mfuko
```

Namba 260 imetoka kwenye kanuni: hisa tano kwa kila wiki ya mwaka wenye wiki 52. Mwanafunzi aeleze kila namba ya namna hiyo imetoka wapi.

Mkiliendesha, Hypothesis itabuni mifano mia kama hamkuiagiza vingine, na mapema tu itakuja na ZeroDivisionError. Tena haitawaonyesha orodha ndefu ya kutisha. Ikishapata mfano unaoangusha programu, inaupunguza na kuupunguza hadi ubaki mdogo kabisa unaoangusha bado: mfuko 0, na mwanachama mmoja mwenye hisa 0. Jumla ya hisa ni sifuri, na sifuri haigawi.

Usikubali mwanafunzi aweke if ya haraka ili ujumbe mwekundu uondoke. Muulize: je, hali hii ipo kwenye kikundi? Ipo. Siku ya kwanza ya mzunguko, kabla mtu hajanunua hisa, ndivyo daftari lilivyo. Na kikundi kikibeba fedha kutoka mzunguko uliopita, mfuko unaweza kuwa na milioni huku hisa zikiwa sifuri. Nini kifanyike? Hilo ni swali la kumrudishia mweka hazina. Akisema hakuna kugawana mpaka hisa ziwepo, programu inarudisha migao ya sifuri na mfuko wote unabaki ulivyo. Kifaa kimeleta swali, mtu amelijibu, jibu limeingia daftarini likiwa na jina la aliyelisema. Mzunguko huo ndio ninaotaka mwanafunzi auzoee kuliko sintaksia yoyote.

Sasa rudini kwenye ile sheria ya shilingi isiyopotea, muisome kwa makini pamoja na mstari wa mwisho wa fanksheni. Baki imepatikana kwa kutoa jumla ya migao kwenye mfuko. Basi migao ikijumlishwa na baki lazima irudishe mfuko, hata migao yenyewe iwe ya ovyo kiasi gani. Kila mwanachama angepewa bilioni, sheria ingepita. Ni jaribio lisiloweza kufeli, na jaribio lisiloweza kufeli halipimi kitu. Acha wanafunzi waligundue wenyewe. Wape nakala ya fanksheni ambamo mgao unapatikana kwa round(mfuko * h / jumla), bila kushusha hadi mia, waone sheria yao ikiendelea kupita. Kisha wape mfuko wa shilingi 3 na wanachama wawili wenye hisa moja moja. Kila mmoja anastahili moja na nusu, round inampa 2, jumla 4. Kikundi kimegawa fedha kisichokuwa nayo, baki ni hasi moja.

Sheria yenye meno ni hii:

```
    assert 0 <= baki < 100 * len(hisa)
```

Baki haiwezi kuwa hasi, na kwa kuwa kila mgao unapunguzwa chini ya shilingi mia, baki yote lazima iwe chini ya mia mara idadi ya wanachama. Ukiiendesha hii kwenye toleo la round, itaanguka. Ukiiendesha kwenye toleo letu lililorekebishwa nayo itaanguka, kwa sababu kikundi kisicho na hisa kinabaki na mfuko wote. Hapo ni sheria inayohitaji kurekebishwa: inahusu kikundi chenye angalau hisa moja. Hypothesis ina amri ya assume kwa ajili hiyo. Andikeni assume(sum(hisa) > 0) mwanzoni mwa jaribio. Mwanafunzi anaona kwamba jaribio likifeli, kosa linaweza kuwa upande wowote kati ya mbili, na inabidi afikiri ni upi.

Waachie watafute sheria nyingine. Mwenye hisa nyingi asipate kidogo kuliko mwenye chache. Kubadilisha mpangilio wa majina kusibadilishe mgao wa mtu. Kila mgao uwe mia kamili. Hii ya mwisho inaonekana ndogo, lakini itawaokoa.

Pimeni majaribio yenyewe

Utajuaje kama majaribio ya kundi fulani ni mazuri? Kuhesabu mistari iliyopitiwa hakutoshi, maana jaribio linaweza kupita kila mstari bila kukagua chochote. Njia iliyo bora ni kuharibu programu kwa makusudi na kutazama kama majaribio yatagutuka. Richard DeMillo, Richard Lipton na Frederick Sayward waliieleza katika makala yao ya mwaka 1978, na Python ina kifaa cha kuifanya kiitwacho mutmut. Darasani huhitaji kifaa. Kundi moja linapewa programu ya kundi jingine, linabadilisha kitu kimoja tu: // iwe /, mstari mmoja ufutwe, 0 iwe 1. Kisha mnaendesha majaribio ya wenye programu. Uharibifu ukinaswa, wanapata alama. Usiponaswa, walioharibu ndio wanaopata.

Jaribuni kubadilisha hatua=100 iwe hatua=50. Lile jaribio letu la mfuko wa 100,000 kwa watu watatu litapita bila wasiwasi, kwa sababu 33,333 ikishushwa hadi hamsini kamili nayo ni 33,300. Sheria ya baki itapita pia. Uharibifu umejificha, na kikundi kingelipa watu tofauti na kanuni yake. Waambie watafute mfano utakaouumbua. Mfuko wa 200,000 kwa watu wale wale unafaa: kila mmoja anastahili 66,666, kwa hatua ya mia anapata 66,600 na kwa hatua ya hamsini 66,650. Ile sheria ya kila mgao kuwa mia kamili nayo itaunasa. Kipindi hiki kipe muda wa kutosha. Sijui zoezi jingine linalowafanya wanafunzi waipekue programu ya mwenzao kwa bidii hivi, wakitafuta pa kuvunja na huku wakielewa kila alama ilivyo kazini.

Vifaa vinavyoandika majaribio vyenyewe

Kuna vifaa vinavyosoma programu na kuandika majaribio yake bila msaada wa mtu. Kwa Java kuna Randoop, iliyoelezwa mwaka 2007, na EvoSuite ya Gordon Fraser na Andrea Arcuri, ya mwaka 2011. Kwa Python kuna Pynguin. Siku hizi wanafunzi wana pia programu za akili mnemba, wanaziomba majaribio na yanakuja yakiwa nadhifu.

Mwanafunzi aelewe kitu kimoja kabla ya kuvigusa. Vifaa vya aina ya kwanza vinaiendesha programu, vinaandika ilichotoa, na kukifanya kuwa tarajio. Kifaa kama hicho ukikipa toleo letu la round, kinaweza kukuandikia kwamba shilingi 3 kwa watu wawili ni 2, 2 na baki hasi moja, na jaribio litapita kila siku. Kifaa hakijui VICOBA. Akili mnemba nayo, ikiandika programu na majaribio kwa pamoja, inaweza kuweka uelewa mmoja mbaya pande zote mbili: itachukua riba ya 90,000 mahali ambapo kikundi kinatoza 60,000, ijipime kwa 90,000 yake, ijipe alama zote.

Vifaa hivyo vina kazi yake. Programu ikiwa tayari inaaminika na mnataka kuiandika upya iwe nyepesi, majaribio ya kifaa yatawaambia mara moja kama tabia yake imebadilika. Na darasani yana matumizi ninayoyaona bora zaidi: chapisha majaribio kumi yaliyotungwa na kifaa, wape wanafunzi pamoja na daftari la kanuni, waseme kila moja ni sahihi, si sahihi, au haliwezi kuamuliwa bila kumuuliza mweka hazina. Jibu hilo la tatu ndilo la kupewa alama nyingi. Kuhusu akili mnemba, sharti langu kwa wanafunzi ni kwamba inaweza kusaidia kuandika msimbo, lakini safu ya matarajio kwenye daftari la karatasi inaandikwa kwa mkono, na safu ya aliyesema isiwe na jina la mashine.

Alama

Stephen Edwards wa Virginia Tech alijenga Web-CAT, mfumo ambamo mwanafunzi anawasilisha programu pamoja na majaribio yake na vyote vinapimwa. Si lazima uwe na mfumo huo ili ufuate mwendo huo. Gawa alama hivi: sehemu kwa daftari la kanuni, sehemu kwa majaribio kwa kipimo cha uharibifu ulionaswa, sehemu kwa programu kupita majaribio yako machache ya siri, na sehemu kwa mazungumzo mafupi ambamo unamchagulia mwanafunzi jaribio moja la kundi lake aeleze limetoka wapi. Mazungumzo hayo yanachukua dakika chache kwa kila mmoja, na ndiyo yanayokuonyesha nani alibebwa.

Ukiendesha programu za wanafunzi kwa mkupuo, ziwekee ukomo wa muda, kwani kutakuwa na moja yenye while isiyokwisha. Fanksheni ya subprocess.run ina kigezo cha timeout. Usiziendeshe kwenye kompyuta yenye faili la alama.

Kurudi kwa mweka hazina

Programu ikikamilika, irudisheni kwa aliyetoa kanuni, lakini isichukue nafasi ya daftari la kikundi. Iendeshwe sambamba na daftari kwa mzunguko mzima. Kila siku ya kikao katibu anaandika kama kawaida, na baadaye, kwa ruhusa ya kikundi, mwanafunzi anaingiza namba bila majina na kulinganisha. Zikitofautiana, msiharakishe kuamua nani amekosea. Wakati mwingine ni programu. Wakati mwingine ni jumla iliyokosewa kwenye karatasi. Na mara kwa mara ni kanuni ambayo hakuna aliyekumbuka kuisema: mwanachama aliyehama katikati ya mzunguko, faini iliyosamehewa kwa sababu ya msiba, mkopo uliolipwa kabla ya wakati. Kila tofauti iandikwe kuwa jaribio jipya kabla programu haijaguswa.

Mwisho wa mwaka hifadhi majaribio yote na madaftari ya kanuni. Darasa litakaloingia mwakani lipe majaribio hayo bila programu, waandike gawa yao wenyewe, kisha waende kwa kikundi kingine, chenye kanuni tofauti za riba na baki, na waanze kwa kuonyesha ni majaribio yapi kati ya hayo hayafai huko.